Keki za Matobolwa na Mguu wa Mama Mkubwa

Wadogo zangu wa klabu ya mapishi, habari za masomo. Shikamoo zenu sizitaki, tumepishana madarasa machache tu. Ila naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mstaafu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nina miaka kumi na tisa na nimestaafu. Msicheke. Kuna wanaostaafu kwa umri, kuna wanaostaafu kwa mgongo, mimi nimestaafu kwa moyo kukata tamaa.

Mwalimu wenu alitaka nije nisimame mbele yenu nifundishe. Amenifundisha mimi mwenyewe na bado amesahau nilivyo. Nilipokuwa kidato cha pili nilipewa kusoma somo kanisani. Nikapanda pale mbele, nikasema "Neno la Bwana," ambalo ndilo la mwisho, nikashuka nikakaa. Watu wakaitikia, padri akaendelea. Kwa hiyo nimeandika, yeye atawasomea. Akifika mahali akikohoa bila sababu, jueni ameruka kitu.

Ameniambia mnataka mapishi ya keki ya matobolwa, ile inayouzwa sasa hivi Buhongwa kwa jina la keki ya wagonjwa wa sukari. Nitawaambia inavyopikwa. Nitawaambia na ilichofanya.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa ya nini. Watu waliniona nimesimama nyuma ya kabati la kioo wakadhani nauza keki. Mimi nilikuwa nalinda mguu. Kila nilichopika tangu kidato cha pili, nilipika ili mguu wa kulia wa Mama Mkubwa ubaki mahali pake. Haukubaki. Nawaambia mapema ili msikae mkisubiri.

Mama Mkubwa Milembe ni dada wa mama yangu. Alinilea tangu mama alipoenda Geita kutafuta maisha. Nyumba yetu inatazama barabara ya Shinyanga, na barazani ndipo lilipokuwa kabati lake: maandazi, half-keki, kashata za karanga, na keki anazooka kwa mkaa, moto chini ya sufuria na moto juu ya mfuniko. Madereva wa malori walikuwa wanasimamisha magari. Na yeye alikuwa mwonjaji. Alionja unga mbichi, alionja keki ya moto, alionja iliyopoa, na zilizovunjika alizila kwa kuzionea huruma. "Mpishi asiyeonja," alikuwa anasema, "anawalisha watu kwa kubahatisha."

Akaanza kiu. Ndoo ya maji ya kunywa ikawa haimalizi siku. Macho yakawa na ukungu, mpaka siku moja akatia chumvi kwenye kashata mahali pa sukari, na dereva mmoja akarudi toka Misungwi kuja kugomba. Ndipo tukaenda kliniki.

"Mama, una sukari," nesi akamwambia.

"Ninayo, na ninaiuza," Mama Mkubwa akajibu.

Nesi hakucheka. Alimvua kandambili, akamgusagusa nyayo kwa kitu chembamba kama uzi mgumu, akamuuliza unasikia, unasikia. Mahali pengine alisikia, pengine hakusikia. Nesi akamweleza kuhusu miguu polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia yenye shimo. Kidonda usichokisikia ndicho kinachokatisha mguu. Wakati wa kurudi, tulikuwa tumeshapita Mkolani aliponiita.

"Kabula."

"Abee, Mama Mkubwa."

"Mguu wangu usiende popote."

"Hautaenda."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa ajira.

Sasa somo la kwanza. Mimi nilifikiri kupika keki ya mgonjwa wa sukari ni kupika keki ileile halafu usitie sukari. Nikafanya hivyo. Ilitoka imepauka kama mtu aliyetoka malaria, ngumu, na katikati imebonyea. Jirani yetu Mama Koku, Mhaya wa Muleba anayeuza ndizi na mtindi, akaigonga kwa kidole.

"Kabula, hii ni ya kula au ya kujengea choo?"

Nikiaibika masikio yangu yanakuwa ya moto.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Nyie Wasukuma mkiambiwa mpunguze sukari mnapunguza mpaka akili."

"Mhaya wa ndizi, mwache mtoto wangu!" Mama Mkubwa akapiga kelele toka ndani.

"Mtoto ni mtoto, lakini keki yake ina umri wa babu!"

Alinitukana hivyo, na kesho yake akaja na mtindi wa bure akanifundisha. Baba yake alikufa na ugonjwa huohuo, na yeye ndiye aliyekuwa anampikia. Andikeni haya, kwa sababu haya ni kweli na hayana ubaya.

Sukari haitii utamu tu. Inashika maji ndani ya keki, inailainisha, inaipa rangi. Ukiitoa, nafasi yake ibaki na mtu. Weka mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha. Ongeza yai. Karanga zilizokaangwa zikasagwa zinaleta mafuta na rangi. Ndizi tumia mbichi, ile ya kupikia, iliyokaushwa ikasagwa unga. Ukitumia iliyoiva umejirudisha ulikotoka. Chumvi chembe kidogo, usiisahau, ndiyo inayouamsha ulimi. Mdalasini na iliki zinamdanganya pua, na pua anamdanganya ulimi. Keki ya namna hii mpe mtu ikiwa na uvuguvugu. Ikipoa kabisa, utamu mdogo uliokuwamo unalala. Kipande kiwe chembamba, kiliwe baada ya chakula chenye mboga, na siku hiyo ugali upungue. Siyo ugali uleule halafu keki juu yake kama kofia.

Na usipunguze ghafla. Mama Koku alisema ulimi ni kama ng'ombe wa Msukuma, ukimvuta kamba kwa nguvu anakaa chini. Punguza leo kidogo, watu wazoee, punguza tena. Siku moja utampa mtu keki yake ya zamani naye ataitema.

Kosa lingine: usitundike bango la kusema haina sukari. Nilitundika. Watu wakawa wanalipita kabati kama linauza dawa ya minyoo. Nikalitoa, nikaiita keki ya karanga, wakaanza kununua. Mteja wangu mkubwa alikuwa Baba Shija, dereva wa lori la pamba, ambaye naye ana sukari. Alikula kipande chake chote, akanisifu, akafuta mdomo, akasema, "Safi sana binti. Sasa nipe soda baridi niisukumie."

Ilikuwepo miezi ambayo nesi alikuwa akitazama kipimo cha sukari anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiu ilipungua. Mama Mkubwa alirudi kuona nyuzi za sindano. Miezi ile ndiyo pekee ninayoweza kuiita kazi. Yaliyofuata sijui niyaiteje.

Mnajua desturi yetu. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Akina mama wa jumuiya walikuja kumwona Mama Mkubwa, wamejifunga khanga zao za sare, wakaimba, wakamwombea apone sukari, halafu wakamwachia sukari mezani. Kilo nzima. Na soda, na maboksi ya juisi.

"Kabula, pokea mzigo," akasema mwenyekiti wao.

"Asante, mama. Lakini," na hapo sauti yangu ikaanza kuteleza, "Mama Mkubwa hatumii sukari."

"Najua mwanangu, ndiyo maana tumekuja kumwona. Hiyo ataiweka kwenye uji tu."

Nilipotaka kuwapa waondoke nayo, Mama Mkubwa alinikazia macho. Walipoondoka akaniambia, "Ukimrudishia mtu zawadi ya ugonjwa, umemwambia upendo wake ni sumu. Unaweza kumwambia mtu hivyo?" Sikuweza. Yeye alikunywa soda glasi moja mbele ya kila kundi la wageni. Siyo kwamba naitaka, alisema, ni heshima. Na Mama Mkubwa alikuwa mtu wa watu. Wageni hawakukoma.

Hata hivyo soda nilikuwa naimudu. Zilizobaki nilikuwa nazigawa kwa watoto wa jirani kabla hajazikumbuka. Kilichonishinda kilikuja kwenye kiroba.

Kilikuja na Mjomba Masanja, mdogo wake Mama Mkubwa, anayekaa ng'ambo, upande wa Sengerema. Zamani alikuwa haji mara kwa mara kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Busisi. Daraja lilipofunguliwa akawa anatokea kama mvua ya vuli, husikii simu, unamwona tu mlangoni. Mjomba anampenda dada yake, hilo mlijue kabla hamjamchukia. Aliposikia kwamba nyumba haina tena kitu kitamu, alihuzunika kama aliyesikia haina paa. Akaleta matobolwa.

Wengi wenu mnayajua, ila kama kuna aliyekuja toka mbali: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa kwenye majabali mpaka vikakauka. Unavitafuna hivyo au na karanga. Ni vitamu hasa.

"Dada, kula bila wasiwasi," Mjomba akasema. "Viazi nimelima mwenyewe, nimechemsha mwenyewe, nimeanika kwenye jiwe letu lilelile. Hiyo sukari ningeitoa wapi?"

Mama Mkubwa akatafuna, akafumba macho. "Kweli. Hakuna mtu aliyetia."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Mjomba, mbona ni matamu, basi?"

"Ni utamu wa Mungu huo, mayo." Mjomba huniita hivyo, kama vile mimi ndiye mama yake, ndivyo Wasukuma tunavyombembeleza mtoto wa kike. "Utamu wa dukani ndio unaoua. Utamu wa Mungu hauui."

Mama Koku alikuwa anapita na ndizi zake. "Masanja," akasema, "na nyoka ni wa nani?"

Wakacheka wote watatu. Wakamaliza kucheka wakaendelea kutafuna.

Sasa ndiyo mapishi mliyoyataka. Siku ya pili yake Mama Mkubwa aliyatwanga matobolwa kwenye kinu, akachekecha, akapata unga wa rangi ya udongo wa kichuguu. Akauloweka kwa maziwa ya uvuguvugu, akapasua mayai, akaongeza unga wa ngano kidogo, mdalasini, mafuta. Akaoka kwa mkaa. Ilitoka nyeusi kidogo, laini, yenye unyevu, tamu kuliko keki yoyote niliyowahi kupika. Vipimo sijaviandika, na sitaviandika.

Mama Mkubwa alinipa kipande kwa mkono wake. "Kabula, miaka yote hii unanilisha mtindi na iliki, kumbe jibu lilikuwa kwenye jiwe la baba yangu."

Mjomba akachukua boksi, akaandika bango kwa mkaa: KEKI YA WAGONJWA WA SUKARI, HAINA SUKARI HATA CHEMBE. Lile bango lililokuwa linanikimbizia wateja mimi, kwake liliwavuta. Tofauti ni kwamba keki yake ilikuwa tamu. Watu walitoka Buswelu na hotipoti kuja kuwachukulia wazazi wao. Akina mama wa jumuiya waliagiza. Baba Shija alikuwa anaondoka na mfuko mzima kwa ajili ya safari, na alimkumbatia Mama Mkubwa, akasema tangu augue ndiyo mara ya kwanza anajisikia mtu.

Mnaelewa? Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamenyimwa kitu, halafu mtu akaja akawaambia chukueni, mmeruhusiwa. Nani angeuliza maswali?

Mama Mkubwa alinawiri kwa furaha. Alisimama mbele ya kabati lake kama zamani, akionja. Na kiu ikarudi.

Kliniki iliyofuata, nesi aliweka tone la damu kwenye kile kipimo, na badala ya namba kikaandika HI. Maana yake sukari imepita mahali kinapoweza kuhesabu.

"Kabula, ona," Mama Mkubwa akasema, "leo mashine inanisalimia."

Nesi akamuuliza amekula nini. Akajibu kwamba sukari haijagusa mdomo wake tangu Pasaka. Akaapa. Na hakuwa anasema uongo, kwa alivyojua yeye; soda za wageni alizihesabu kama heshima. Nesi akanigeukia mimi. Mnajua tena nilivyo mbele za watu. Lakini nikasema. Nikasema matobolwa, na keki, na unga.

Nesi aliweka kalamu chini. "Mama, kiazi kikichemshwa kikakaushwa, maji ndiyo yanayoondoka. Utamu unabaki wote. Hiyo ni sukari uliyoitwanga mwenyewe."

Mama Mkubwa aliitikia ndiyo, ndiyo, vizuri, kama anavyoitikia mahubiri. Tulipokuwa njiani nikamwona uso wake unaanza kufika mahali fulani. "Kwa hiyo wale watu wote," akasema. "Baba Shija. Yule mzee wa Buswelu aliyekatazwa hata embe. Wote wale mimi nime..." Nilimtazama. Ule uso ulifika mlangoni kabisa, ukashika kitasa, ukageuka ukarudi.

"Yule nesi ni mtoto wa mjini," akasema. "Viazi anaviona sahanini tu."

Kesho yake asubuhi nilimsikia anatwanga.

Nilijaribu kila ninachojua. Nilipika keki ya karanga nikaiweka karibu na yake, ikabaki mpaka ikaota ukungu. Nilimwambia Mama Koku amwambie, akamwambia, wakagombana, na Mama Koku akahamisha meza yake ya ndizi upande wa pili wa barabara. Nilimpigia mama yangu Geita. Mama akasema, "Mwanangu, yule ni dada yangu mkubwa, nitaanzaje?" Nilimsubiri Mjomba, nikamwambia aliyoyasema nesi, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, akanishika kichwa. "Babu zako walikula haya maisha yao yote, mayo. Nani alikatwa mguu?"

Ilikuwa Jumamosi mchana, kuna oda ya kipaimara. Mama Mkubwa alikuwa ameinama juu ya sufuria, mkaa umejaa kwenye mfuniko, huku anamsimulia Baba Shija habari za mbuzi aliyeingia kanisani. Alisogeza mfuniko, kaa moja likadondoka. Mimi nilikuwa napaka mafuta mikebe, sikuliona. Nilisikia harufu.

"Kuna kitu kinaungua," nikasema.

"Ni keki hiyo, punguza moto wa juu," akanijibu, akaendelea na mbuzi.

"Siyo keki, Mama Mkubwa."

Baba Shija alikuwa anacheka, halafu akatazama chini, akaacha kucheka. Kaa lilikuwa limeingia kwenye kandambili ya kulia ya Mama Mkubwa, kati ya kidole gumba na mkanda, linawaka kimya. Mama Mkubwa naye akatazama. Akasema, "Hee," kama mtu aliyeona mbuzi wa jirani shambani kwake. Hakupiga kelele. Hakuna kilichomuuma. Mimi ndiye niliyelia.

Kidonda alikivalisha soksi. Kila nilipouliza, alisema kinakauka. Mjomba alileta majani ya kusaga. Akina mama wa jumuiya walileta soda. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, na ikafika wakati nikawa nafungua dirisha hata mbu wakiingia.

Hospitali kubwa walisema wakate chini ya goti. Mama Mkubwa akasema anafikiri. Mjomba akasema mtu hazikwi vipande vipande. Ukoo ukaitwa, wengine wakasubiriwa toka Kahama, kikao kikakaliwa kwenye nyasi nje ya wodi, kila mmoja akaongea kwa zamu na kwa adabu. Mimi nilikuwa nawagawia chai. Hakuna aliyeniuliza, na nilisema hata bila kuulizwa, nikasema daktari anataka jibu leo. Mzee mmoja akaniambia, "Ndiyo, mjukuu, ongeza chai." Walipokubaliana, goti nalo lilikuwa limeshaondoka kwenye hesabu. Walikata juu yake.

Wakauliza kama tunauchukua mguu au wauzike wao. Mjomba aliuchukua. Alivuka nao daraja, akauzika kwao karibu na kaburi la baba yao, na aliporudi hakuleta kiroba chochote. Alikaa barazani tu, anageuza kofia yake mikononi.

Mama Mkubwa akiwa bado wodini, nilifungua kabati nikang'oa bango. Waliokuja kuuliza keki niliwaambia mmoja mmoja. Mimi, nisiyeweza kusoma somo kanisani.

Baba Shija alikasirika. "Binti, mimi nakula hizi mwaka sasa, mbona sijafa?"

"Mama Mkubwa naye hajafa, Baba Shija. Amekatwa."

Alitazama miguu yake ndani ya makobazi. Halafu akasema polepole, "Hazijabaki hata mbili? Za mwisho tu."

Sasa hivi, hatua chache toka kwetu, kuna mama mwingine mwenye kabati. Keki ileile, bango lilelile, maneno yaleyale. Nilimfuata nikamweleza. Akanisikiliza akiwa ameshika kiuno, akasema wivu wa biashara ni mbaya, tena kwa msichana mdogo kama mimi. Najua baadhi yenu mnawanunulia wazazi wenu pale. Mwalimu aliniambia ndiko mlikoipenda.

Ndiyo maana nimestaafu. Mkipenda, pikeni ile ya karanga na mtindi, mapishi nimewaachia yote. Ni keki nzuri. Lakini msiniulize kama inamponya mtu, wala msiniulize mtawaambiaje wakubwa wenu. Mimi nilisema kwa nesi, kwa Mjomba, kwa ukoo mzima, kwa kila mteja, na mguu umezikwa Sengerema. Labda kuna namna ya kusema ambayo sikuijua. Kama ipo, sikufundishwa, na sijakutana na mtu aliyefundishwa.

Kitu kimoja bado nakifanya, siyo kazi tena, ni nyumbani tu. Namwosha mguu uliobaki. Nanyi kama mna mgonjwa, mwosheni kila siku, mumkaushe katikati ya vidole, mtazame na chini ya nyayo, kwa sababu yeye hawezi kuinama akaona. Maji yapimeni kwa kiwiko chenu, msimuulize yeye kama ni ya moto.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimkalisha kwenye kiti barazani, nikaleta beseni. Alikuwa amechangamka, anatazama barabarani kwa sababu akina mama wa jumuiya walisema watapita. Nikaushika mguu wa kushoto, nikatenganisha vidole. Kati ya kidole kidogo na kinachofuata, ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika kama mkate uliolowa chai, na chini yake kuna wekundu. Nikagusa kwa ncha ya kidole. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, safari hii kwa kucha, nikimtazama usoni.

Aliendelea kutazama barabara.

"Kabula," akasema, "mbona umekaa tu? Shika mguu unioshe, maji yanapoa."